Mtu wa Makinikia Ngome Kongwe

Mwaka 2017 mtu wa Kahama hakuweza kusafiri kimyakimya. Ukishataja unakotoka, mazungumzo mengine yote yamekwisha. "Ahaa, makinikia!" Kondakta alisema hivyo. Mama niliyekaa naye kiti kimoja kutoka Singida mpaka Dodoma akasema hivyo. Na asubuhi ya Jumamosi, tarehe 8 Julai, kijana aliyekuwa juu ya ngazi akifunga nyaya za taa kwenye lango la Ngome Kongwe, Unguja, naye akasema hivyo hivyo, tena akashuka kabisa ili anitazame vizuri.

"Hivi kweli mule kwenye makontena mna dhahabu?"

Makontena yenyewe kila Mtanzania aliyajua. Yalikuwa 277, yamezuiwa bandarini Dar es Salaam, na ndani yake makinikia, yaani mchanga wa migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi uliokuwa usafirishwe nje ukayeyushwe. Mei kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ilikuwa imemkabidhi Rais Magufuli ripoti yake, Juni ikafuata ya Profesa Nehemiah Osoro, na Julai hiyo hiyo Bunge lilikuwa limepitisha sheria mpya za madini. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Dhahabu nimeiona zaidi kwenye vidole vya wake za wanunuzi kuliko kwenye mawe. Lakini pale langoni nilikuwa nimeshateuliwa kuwa msemaji wa mgodi, nikajibu kama wanavyojibu wasemaji: "Imo, ila inategemea umemwuliza nani."

Akacheka, akapanda tena ngazi yake.

Kilichonileta pale ni Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, ambalo watu wote huliita ZIFF. Lilianza 1998, na mwaka ule lilikuwa linafanyika kwa mara ya 20. Waanzilishi walilipa jina la pili, tamasha la nchi za jahazi, kwa maana ya Afrika, Bara Hindi, Ghuba na visiwa vyote ambavyo upepo wa kaskazi na wa kusi umevikutanisha kibiashara tangu zamani. Tuzo yake kubwa inaitwa Jahazi la Dhahabu. Jina hilo ndilo lililomgusa mdogo wangu, ambaye ana kibanda umiza, banda la kuonyeshea filamu, pale Kakola, jirani na uzio wa Bulyanhulu. Nilipomwambia naenda, hakuuliza filamu gani zitaonyeshwa wala nani atakuwepo. Aliuliza: "Hilo jahazi lina gramu ngapi?"

Safari yenyewe haina mengi. Kahama hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900, na miaka ile mabasi hayakuruhusiwa kutembea usiku kucha, kwa hiyo unaondoka alfajiri na kulipita jua lote barabarani: Nzega, Igunga, Singida na mawe yake, Dodoma, Morogoro, kisha foleni ya Ubungo wakati watoto wa mjini wamekwisha kulala. Kesho yake ilikuwa Sabasaba. Keshokutwa nikapanda boti. Kwa mtu aliyezoea kivuko cha Busisi, ambako ng'ambo ulikuwa ukiiona kabla hujaondoka, kule kupotelewa na nchi kavu pande zote kulinifanya nishike nguzo na kujifanya nasoma tangazo la maboya.

Ngome Kongwe ipo hapo hapo ukitoka bandarini kuelekea Forodhani, ubavuni mwa Jumba la Ajabu. Waarabu wa Oman waliijenga mwishoni mwa karne ya 17, baada ya kuwafukuza Wareno, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno hao. Baadaye ikawa gereza, na mwanzoni mwa karne iliyopita ikawa karakana ya reli ya Bububu. Kuta zake ni nene na za rangi ya udongo uliopigwa na mvua miaka mingi. Ndani kuna uwanja wenye majani, na upande mmoja ngazi za mawe zilizopangwa nusu duara kutazama jukwaa. Hapo ndipo filamu huonyeshwa usiku, juu hakuna paa.

Mchana ule wote nilizunguka. Mgeni wa tamasha hutambulikana kwa beji shingoni. Asiyekuwa nayo hutambulikana kwa macho, kwa sababu anasoma kila bango. Nilisoma kila bango. Palikuwa na watu wa kamera wakibishana juu ya jua, mabinti wa mapokezi waliojitanda mitandio ya rangi moja, wageni kutoka Ulaya wamekaa majanini miguu pekupeku, na mwanamume mmoja aliyekuwa akirudia kwa simu, kwa Kiswahili cha Nairobi, kwamba diski yake imebaki hotelini na hotelini hawaioni. Nilipofika kwenye meza ya mapokezi nilifikisha salamu za mdogo wangu.

"Dada, samahani. Jahazi la Dhahabu lina gramu ngapi?"

Akanitazama, akaona sitanii. "Lile si la kupima, kaka. Lile la heshima."

Nikampigia simu Kakola. Nikamwambia halipimwi. Akanyamaza kidogo. "Basi hiyo si dhahabu," akasema, akakata, maana mteja alikuwa amesimama mlangoni.

Sikumlaumu. Kwetu kitu kisichopanda mizani hakina mjadala. Kakola, Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, kote huko mtu anajua mgawo wake kabla hajaingia duarani, yaani shimoni: mwenye leseni ana fungu lake, mwenye duara lake, wachimbaji lao, na wanagawana mifuko ya mawe kabla hata hayajapelekwa karasha. Kinachobaki baada ya kusaga, kuosha mwaloni na kuchoma zebaki ndicho kinachowekwa mezani kwa mnunuzi. Fedha hiyo ikitoka, jioni hiyo hiyo inatembea: mama ntilie, bia, vocha, na kibanda umiza. Duara likijaa maji, mdogo wangu anaonyesha filamu kwa mkopo.

Nielezee kidogo kibanda hicho, kwa sababu siku nzima nilikuwa nakilinganisha na ile ngome, wala sikuweza kujizuia. Ni chumba cha mabati na mirunda, madirisha yamezibwa kwa mablanketi meusi. Runinga imefungiwa ndani ya kizimba cha nondo kilichochomelewa, ili asitokee mtu akaondoka nayo. Spika mbili ziko ndani, ya tatu iko nje ikitazama barabara, na hiyo ya nje ndiyo tangazo. Mlangoni pana ubao wa chaki: jina la filamu, saa, na chini kabisa, kwa herufi kubwa, HAKUNA KUKOPA, amri ambayo mwandishi wake mwenyewe huivunja kila masika. Asubuhi wanaingia waliotoka zamu ya usiku. Wanalipa, wanakaa mabenchi ya nyuma, wanalala. Nywele zao nyeupe kwa vumbi la mawe. Hakuna anayewaamsha, wamelipia kiti. Mchana ni filamu za ngumi za Hong Kong na za kivita za Marekani, lakini hakuna anayesikiliza Kichina wala Kiingereza, kwa sababu juu ya sauti za waigizaji kuna sauti ya Lufufu au wenzake, watu waliofanya kazi ya kutafsiri filamu kuwa sanaa inayojitegemea. Hawatafsiri tu maneno. Wanamwonya shujaa, wanamsema adui, wanampa mwigizaji wa Kikorea jina la mtaa wa Temeke. Na watazamaji nao hawakai kimya. Wanajibu, wanabisha, wanatabiri, wanawekeana dau.

Filamu zisizohitaji mtafsiri ni za Bongo, na katika hizo kuna jina moja ambalo kwetu si jina la mwigizaji tu. Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga, Januari 1984, akasoma Shule ya Msingi Bugoyi kabla ya kwenda Dar es Salaam, kuingia kundi la maigizo la Kaole na kisha kuwa sura ambayo kila nyumba yenye runinga iliijua. Alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28 tu, umati uliofurika Leaders Club kumuaga ulionyesha jambo ambalo wakosoaji wengi wa filamu nchini hawakuwa wamelipima. Mdogo wangu aliweka filamu zake mfululizo na hakutoza kiingilio. Wanaume waliotoka shimoni walikaa pale wakilia bila kujificha.

Alasiri, kwenye kivuli cha ukuta, mzee mmoja aliyevaa kanzu na kofia ya vito alinisogezea nafasi kwenye baraza.

"Wapi kwenu, mwanangu?"

"Kahama, mzee wangu. Mkoa wa Shinyanga." Nikajiandaa kwa makinikia.

"Shinyanga ya Mwadui? Ya ile almasi ya Malkia?"

Nusura nimkumbatie. Almasi ile ya waridi ilipatikana 1947 katika mgodi wa Mwadui, uliogunduliwa na Mkanada John Williamson mwaka 1940. Ilikuwa na karati 54.5 kabla ya kukatwa. Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth zawadi ya harusi, ikakatwa ikabaki karati 23.6, ikawekwa katikati ya ua la kubana kifuani. Kwa miaka yote tangu hapo imeonekana kwenye kamera za dunia nzima, nadhani mara nyingi kuliko mkoa ilikotoka.

Mzee alikuwa mtu wa sinema tangu utoto. Alinitajia Majestic ya Vuga na Cine Afrique ya Malindi. Sikukuu ya Idd, alisema, watoto walikuwa wakitoka kuswali, wanakwenda kuonyesha nguo mpya kwa shangazi ili wapewe senti, kisha wote foleni. "Raj Kapoor akilia, na sie twalia. Kihindi hatukijui hata neno."

"Hamkuwa na mtu wa kutafsiri?"

"Wa nini? Mama mtu kafukuzwa nyumbani na mimba. Hilo lataka tafsiri?"

Nikamweleza habari za Lufufu. Akasikiliza kwa adabu, akatikisa kichwa. Kwa maoni yake huyo ni mtu anayepiga kelele watu wakitazama filamu. Tukakubaliana kutokubaliana, akaninunulia kahawa.

Tulipokuwa tunakunywa ndipo aliponiuliza swali lililonikaa: "Na nyie huko, filamu yenu ipo?"

Ipo, kwa namna moja. Kanda ya Ziwa imepigwa picha sana. Mwaka 2004 Hubert Sauper, mtu wa Austria, alitoa Darwin's Nightmare kuhusu sangara wa Mwanza, ambayo sisi tuliiita filamu ya mapanki. Ilifika mpaka kuwania Oscar, na mwaka 2006 Rais Kikwete akailaani hadharani kwamba imeipaka nchi matope. Waliobishana juu yake mitaani walikuwa wengi kuliko walioiona. Mwaka 2013 ikaja White Shadow ya Noaz Deshe, hadithi ya kijana mwenye ualbino anayewindwa, ikapata tuzo Venice. Mwaka 2014 Vic Sarin wa Kanada akatoa The Boy from Geita, kuhusu mtoto mwenye ualbino aliyeshambuliwa. Mashambulizi yale yalitokea, na aibu yake ni yetu. Sitaki mtu asiyaonyeshe. Lakini nikijumlisha hizo tatu, mgeni anayetujua kwa filamu tu anajua mifupa ya samaki na mapanga. Hamjui mama anayeosha marudio ya mawe yaliyosagwa huku anasomesha watoto wanne, wala yule mwenye duara anayefilisika Januari na kuoa Juni. Kamera zilikuja, zikachukua, zikaondoka. Sikusikia filamu zenyewe zikirudi Geita kuulizwa maswali na wenyewe.

Usiku upepo wa kusi ulikuwa mkali. Wenyeji walikuja na makoti, mimi na shati la mikono mifupi. Zilitangulia hotuba, na hotuba ni hotuba popote. Kisha taa zikazimwa, na filamu ya ufunguzi ikaanza: T-Junction ya Amil Shivji, Mtanzania. Kwa jinsi watu walivyokuwa wakinong'onezana ngazini, kufungua tamasha kwa filamu ya nyumbani lilikuwa jambo lililosubiriwa muda mrefu. Nisisitize kwamba filamu za nyumbani zilikuwepo tangu zamani. Maangamizi, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ilipelekwa na Tanzania kwenye Oscar mwaka 2001, na Profesa Mhando huyo huyo aliliongoza tamasha hili kwa miaka mingi. Lakini usiku wa kwanza ni usiku wa kwanza.

T-Junction ni hadithi ya Fatima, binti aliyefiwa na baba yake Mhindi ambaye hawakuwa karibu, anayekutana hospitalini na Maria, aliyelazwa na majeraha. Maria anamsimulia kidogo kidogo habari za kijiwe chao cha njia panda: wachuuzi, mama wa chakula, watu wasio na kwao wakatengeneza kwao kando ya lami. Fatima anarudi tena na tena kusikia kilichofuata, na sisi tulio ngazini tukawa kama yeye. Nilichokipenda ni kwamba haina haraka. Mtu anapika chai, tunamwangalia akipika chai.

Ulipofika wakati wa kijiwe kuvunjwa, sikuwa tena Dar es Salaam ya filamu. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu kupisha kampuni ya Kanada, na Kakola hukosi mzee mwenye masimulizi yake ya wiki zile, kila mmoja na ya kwake, na hakuna mawili yanayofanana. Sijawahi kuona filamu ya kuigiza kuhusu watu wale. Pale kwenye skrini niliona walau ndugu zao. Nikasema kwa sauti, "Kimbieni!" kama ambavyo mtu yeyote wa kibanda umiza angesema.

Mama aliyekaa mbele yangu akageuka. "Kimya, bwana!"

Nilinyamaza, lakini bado nadhani mimi ndiye niliyekuwa naitazama ipasavyo. Ukimya ule wa heshima una faida, unasikia hata kikombe kikiwekwa mezani. Hasara yake ni kwamba mtengenezaji anabaki kusubiri makofi ya mwisho, na makofi ya mwisho watu hupiga hata kwa kitu kilichowachosha.

Baadaye Forodhani, mbele ya sahani za urojo, nilimwuliza mzee wangu ameionaje.

"Nzuri sana. Ila nyimbo hamna."

Basi, kuhusu Jahazi la Dhahabu. Wanaoamua ni majaji, watu waliosoma, wanakaa faragha siku kadhaa na kutoka na jina. Sina ugomvi na majaji. Ila mimi nimekulia Usukumani, na kwetu tuna tamasha ambalo mashindano yake huamuliwa kwa njia nyingine. Bujora, karibu na Kisesa, ambako Padri David Clement kutoka Kanada alianzisha sherehe za Bulabo na palipo na Makumbusho ya Wasukuma, makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila kundi na ngoma zake na vituko vyake. Watazamaji wana miguu. Wakiona upande huu umepoa wanahamia ule, na aliyevuta umati mkubwa ndiye mshindi, mchana kweupe, mbele ya aliyeshindwa. Ni hukumu kali na haina rufaa. Wachezaji wanaijua, ndiyo maana wanaleta uwanjani nyoka, fisi, na kila kitu kitakachomzuia mtu asiondoke.

Filamu zetu zinazoshinda kwa majaji hazijapitishwa kwenye hukumu hiyo, na zile zinazopita kwenye hukumu hiyo kila siku vibandani hazifiki kwa majaji. Hapo ndipo nilipoona pengo, wala si la fedha tu.

ZIFF walikuwa na utaratibu mmoja niliousifu kuliko zulia na hotuba zote: walipeleka filamu vijijini, Unguja na Pemba, zikaonyeshwa uwanjani bure. Kubeba sinema kuipeleka mashambani si jambo geni Tanganyika. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza waliokuwa na studio yao Vugiri, Usambara, walizungusha filamu zao kwa lori mpaka Kenya, Uganda na Nyasaland. Tofauti ni kwamba wale walikuja kutufundisha namna ya kuishi, na walipomaliza kufundisha walizima jenereta.

Kwa hiyo nina ombi kwa ndugu zetu watengenezaji wa filamu wa Dar es Salaam, Zanzibar na Arusha, wale ambao filamu zao zimekwenda Toronto na Ouagadougou lakini hazijawahi kufika Nzega. Njooni Kakola. Basi la Kahama linaondoka alfajiri. Mdogo wangu ameahidi kutoa kibanda siku nzima, isipokuwa saa za mechi. Kiingilio ni shilingi 500, nusu yenu nusu yake, na kinahesabiwa mbele yenu. Watu watasema wakati filamu inaendelea. Wakichoka watatoka, na mtaona migongo yao. Wakibaki, mtakuwa mmeshinda kitu ambacho na sisi tunaweza kukipima. Mje na flashi mbili, maana moja lazima ife kwa vumbi.